Uzito, Uzani na Kadirio: Maelezo juu ya Kupima Samaki wa Mabwawani kwa Kamera

Nia ya makala haya ni kueleza, kwa Kiswahili kitakachoeleweka na mtu asiyekuwa mhandisi, namna kamera inavyotumika kukadiria uzito wa samaki wafugwao, na papo hapo kuyachunguza maneno tuliyo nayo ya kuielezea kazi hiyo. Mambo hayo mawili hayatengani. Msomaji atakayevumilia hesabu chache zifuatazo ataona kwamba chombo hiki hakipimi uzito hata kidogo: hupima urefu na umbo, kisha huutafuta uzito kwa kanuni. Basi mtu asemapo kwamba kamera "imepima kilo 300," amekwisha kusema jambo ambalo halikutokea, na mwenye kununua au kuuza kwa neno hilo aweza kupata hasara. Swali la lugha hapa ni swali la mfuko wa mtu.

I. Mahali na samaki wenyewe

Nimeichagua Lugoba iwe mfano wetu. Mji huo uko katika Mkoa wa Pwani, juu ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera, katika nchi ya Wakwere. Barabara hiyo ikiendelea kaskazini huvuka mto Wami, ambao huingia baharini karibu na Saadani. Mto huo una sifa yake katika elimu ya samaki, ingawa watu wengi wa kwetu hawaijui. Perege wa Wami, ambaye wataalamu humwita Oreochromis urolepis hornorum, alielezwa na kupewa jina la hornorum na Bibi Ethelwynn Trewavas mwaka 1966. Lakini kabla ya jina hilo samaki huyo alikuwa amekwisha kusafiri. Mwaka 1960 Bwana C. F. Hickling, aliyefanya uchunguzi wake Malacca, alitoa taarifa kwamba dume wa perege aliyeletwa kutoka Unguja akipandishwa na jike wa perege wa Msumbiji, watoto wao karibu wote huwa madume. Baadaye ikafahamika kwamba perege huyo wa Unguja alikuwa wa jamii ya perege wa Wami.

Habari hiyo yahusu uzito moja kwa moja. Perege jike huatamia mayai na watoto wake mdomoni, na wakati huo halishwi wala hajilishi. Kwa hiyo urefu wake hubaki ule ule, na mwili wake hupungua. Dume hukua upesi zaidi. Ndiyo sababu wafugaji hupenda bwawa la madume watupu, na ndiyo sababu mtu atakaye kukadiria uzito kwa macho ya kamera hana budi kujua kwanza kama anaangalia madume, majike, au mchanganyiko wa wote wawili.

Tena kuna tatizo la majina. Mtu wa Pwani akisema perege na mtu wa Mwanza akisema sato, sokoni huenda wakaelewana. Lakini sato ni wa jamii nyingine, Oreochromis niloticus, na umbo lake si sawasawa na la perege wa Wami. Siku hizi sato amepelekwa katika maji mengi ambayo hakuwamo zamani, naye huzaana na perege wa asili. Kwa hiyo kanuni iliyotafutwa kwa samaki wa jina moja isihamishwe kwa samaki wa jina jingine kwa kuwa tu muuzaji wa chombo amewaita wote kwa neno moja.

II. Kwa nini samaki apimwe kabla ya kuvuliwa

Mfugaji wa ng'ombe huwaona ng'ombe wake kila jioni warudipo zizini. Mfugaji wa samaki huona maji. Hata hivyo anatakiwa kujua uzito wa walio ndani, kwa maana chakula hutolewa kwa kadiri ya uzito huo: kwa mfano, sehemu 3 katika 100 kwa siku. Akikisia chini, samaki hudumaa na kuanza kupishana kwa ukubwa. Akikisia juu, chakula husalia, huoza chini ya bwawa, na katika kuoza hula hewa ile ile ya maji ambayo samaki huivuta. Alfajiri samaki huonekana wakihema juu ya maji, na pengine asubuhi huelea wamekufa.

Njia ya kawaida ni kutupa wavu, kutoa samaki kadhaa, kuwatia katika ndoo yenye maji iliyokwisha kuwekwa juu ya mizani, kisha kugawanya uzito ulioongezeka kwa idadi yao. Njia hiyo ni njema na rahisi, ila ina gharama. Wavu huwakwaruza samaki magamba, na palipokwaruzwa huingia maradhi. Tena waliosumbuliwa huweza kususa chakula kwa muda. Kwa hiyo mfugaji huiahirisha kazi hiyo, na kwa kuiahirisha hulisha kwa mazoea.

Katika nchi ya Norwei, wafugao samaki aina ya samoni katika vizimba vya baharini, sheria huruhusu samaki hata 200,000 katika kizimba kimoja. Hapo ndoo na mizani haziwezi kusaidia sana: samaki 50 waliotolewa hawawezi kusema mengi juu ya wale laki mbili. Haja ya kuwapima bila kuwagusa ilionekana mapema mahali kama hapo. Sisi tumeukuta ufundi huo umekwisha tengenezwa kwa maji maangavu na samaki wa namna nyingine. Basi twapaswa kuuchungua kabla ya kuutumia.

III. Kanuni ya mchemraba

Msingi wa ufundi huu ni jambo la kale na rahisi. Samaki akiongezeka urefu mara mbili bila kubadili umbo, huongezeka pia unene mara mbili na kimo mara mbili. Kwa hiyo uzito wake hauongezeki mara mbili bali mara nane, yaani mbili mara mbili mara mbili. Uzito hufuata kipeo cha tatu cha urefu.

Tufikiri kisanduku cha mraba pande zote, ambacho kila upande wake ni sawa na urefu wa samaki. Samaki wa sentimita 20 atakuwa na kisanduku cha sentimita 8,000 za ujazo, nacho kikijazwa maji kitakuwa na gramu 8,000. Samaki mwenyewe ni sehemu ndogo tu ya uzito huo. Tuseme, kwa mfano, ni sehemu 1.9 katika 100: basi ana gramu 152. Sehemu hiyo ndiyo wataalamu waitumiayo tangu siku za Fulton, mwanzoni mwa karne ya 20, kuonyesha hali ya mwili wa samaki. Mimi nitaiita kiwango cha unono. Samaki mwenye njaa wa urefu ule ule akiwa na kiwango cha 1.6, atakuwa na gramu 128 tu. Urefu mmoja, uzito mbalimbali: hilo tulishike, maana urefu peke yake haujui aliyeshiba na aliyekonda.

Sasa tazama jinsi kosa dogo linavyokuwa kubwa. Kamera ikimwona samaki wa sentimita 20 kuwa ni wa sentimita 21, imekosea kwa sehemu 5 katika 100. Lakini kanuni itampa gramu 176 badala ya 152, yaani kosa la karibu sehemu 16 katika 100. Katika bwawa la samaki 2,000, kilo 304 zitaandikwa kilo 352. Kwa kulisha sehemu 3 katika 100, mfugaji atatupa majini kilo 1.44 za ziada kila siku, na kwa siku 30 kilo 43. Chakula hicho kimenunuliwa kwa fedha, na kitaoza humo humo mnamokaa samaki.

IV. Namna kamera inavyoupata urefu

Picha moja haiwezi kutoa urefu. Samaki mdogo aliye karibu na samaki mkubwa aliye mbali huweza kuenea katika picha kwa nafasi ile ile. Ili kuukata utata huo, hutumika kamera mbili zilizofungwa pamoja kwa umbali unaojulikana, kama macho mawili ya mwanadamu. Msomaji na anyoshe kidole chake mbele ya uso, akifumbe jicho moja, kisha jingine. Kidole kitaonekana kuhama. Akikisogeza karibu, kitahama zaidi. Akikipeleka mbali, kitahama kidogo. Kule kuhama ndiko kunakoonyesha umbali.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Huitafuta ncha ya mdomo wa samaki katika picha ya kushoto na katika picha ya kulia, ikahesabu imehama nukta ngapi. Tuseme kamera zimeachana kwa sentimita 10, na lenzi zake ni za namna ambayo kitu kilicho umbali wa mita 1 huhama nukta 100. Kikiwa umbali wa mita 2, kitahama nukta 50. Umbali wa mdomo ukijulikana, na umbali wa mkia ukijulikana, urefu kati yake hupatikana kwa hesabu ya pembetatu. Na hapa pia yaonekana mpaka wa chombo: kosa la nukta 1 ni sehemu 1 katika 100 kwa samaki wa mita 1, bali ni sehemu 2 katika 100 kwa samaki wa mita 2. Kadiri samaki anavyokuwa mbali ndivyo ushahidi wake unavyodhoofika.

Kabla ya yote kamera zenyewe hufundishwa. Huonyeshwa ubao wenye miraba myeupe na myeusi ambayo kipimo chake kinajulikana, katika pande na umbali mbalimbali, mpaka kompyuta iijue tabia ya kila lenzi. Kazi hiyo yapasa ifanywe ndani ya maji. Kila nahodha anajua kwamba upondo ukichovywa majini huonekana umevunjika, na mvuvi wa mkuki hulenga chini ya pale amwonapo samaki. Mwanga hupinda uvukapo kati ya maji na hewa. Mtu aangaliaye wima kutoka juu huona kitu kilicho chini ya mita 1 ya maji kana kwamba kipo chini ya sentimita 75. Kamera iliyofundishwa hewani na kutumiwa majini hulichukua kosa hilo hilo kila ipigapo picha.

Iliyobaki ni kumtenga samaki na maji yaliyomzunguka. Zamani ilifanywa kwa mkono, mtu akibonyeza mdomo na mkia katika kila picha. Siku hizi programu ya kompyuta huonyeshwa picha nyingi ambazo watu wamekwisha kuzichorea mpaka wa samaki, ikajifunza kuuchora yenyewe. Mpaka ukipatikana, kompyuta huweza kutumia eneo la ubavu pamoja na urefu, na hilo ni afadhali, kwa sababu aliyekonda huonyesha tumbo jembamba. Kwa umbo lisilobadilika, eneo likizidi mara nne uzito huzidi mara nane.

V. Pale njia inaposhindwa

Kwanza ni maji yenyewe. Bwawa zuri la perege huwa la kijani, kwa maana ukijani huo ni mimea midogo mno iliyo chakula cha samaki. Wafugaji hupima ukijani huo kwa kisahani kilichopewa jina la Angelo Secchi, aliyekieleza mwaka 1865: kisahani kikitoweka machoni kwa kina cha kama sentimita 30, bwawa lina rutuba ya kutosha. Basi maji ambayo kisahani hutoweka kwa sentimita 30 hayatamwonyesha kamera samaki wa mita 1. Rutuba ya bwawa na uangavu wa picha ni maadui. Kwa mfugaji wa Lugoba kamera ya kuzamishwa bwawani, hata ikiwa bora sana, haitafaa. Itakayofaa ni ile iliyowekwa juu ya karai jeupe lenye maji machache, na rula kando yake, samaki wakipitishwa mmoja mmoja. Kwa njia hiyo wavu haukwepeki, ila kazi ya mizani hupungua na samaki hurudi majini upesi.

Pili ni tabia ya samaki. Chakula kitupwapo, wakubwa hutangulia na wadogo hungoja. Kamera iliyo penye chakula itawaona wakubwa zaidi ya haki yao. Tena samaki apindapo mwili katika kuogelea, mdomo na mkia hukaribiana, na urefu huonekana umepungua.

Hapa yafaa kutofautisha makosa ya namna mbili. Kuna kosa la huku na huku, ambalo mara huzidisha na mara hupunguza. Hilo hufutana lenyewe samaki wengi wakihesabiwa, na ndiyo fadhila kubwa ya kamera, kwamba huona maelfu pale ambapo ndoo huona makumi. Lakini liko kosa la upande mmoja, kama lile la mwanga uliopinda, au la wakubwa kutangulia, au la kanuni ya sato kutumiwa kwa perege. Hilo halifutwi na wingi. Samaki 10 na samaki 10,000 hukosewa sawasawa, na wingi wa hesabu humpa mtu imani asiyostahili kuwa nayo. Dawa yake ni moja tu: mara kwa mara baadhi ya samaki waliopigwa picha watiwe mizanini, na tofauti iandikwe.

VI. Maneno

Sasa turudi kwenye lugha. Kiswahili kina maneno mawili ambayo wengi huyatumia kama neno moja: uzito na uzani. Uzito limetokana na -zito, nalo lataja hali ya kitu, hata kitu kisichoshikika. Twasema uzito wa jambo na uzito wa maneno. Uzani ni neno lililotoka Kiarabu, na ndugu yake ni mizani. Lanukia kile chombo. Nashauri tuutumie utajiri huo. Uzito uwe ni ile hali aliyo nayo samaki, ajulikane asijulikane. Uzani uwe ni ile namba iliyopatikana mizanini. Kamera basi haina uzani. Ina kadirio la uzito.

Katika vitendo pia tuna ngazi iliyo tayari. Kubahatisha ni kusema bila ushahidi. Kukisia ni kusema kwa mazoea ya jicho, kama afanyavyo mchuuzi aliyeinua fungu la samaki mkononi. Kukadiria ni kusema kwa hesabu, na kosa lake huweza kutajwa. Kupima, kwa maana yake iliyobana, ni kukilinganisha kitu chenyewe na kipimo chake. Najua kwamba kupima limepanuka sana, hata twapima afya na kupima maneno, wala sidhani laweza kurudishwa nyuma. Lakini penye bei na risiti, ngazi hizo nne zafaa zisichanganywe.

Neno la uzito wa jumla wa viumbe walio mahali pamoja lina tatizo lake. Katika mambo ya nishati limeenea neno tungamotaka. Kwa kuni na mabaki ya mavuno laweza kupita; lakini kuwaita samaki walio hai taka ni kuwadhulumu samaki na msikilizaji pia. Tungamo la samaki latosha, na penye haja ya kubainisha, tungamohai. Kule kuhama kwa nukta kati ya picha mbili nakuita mhamo, kwa kuwa tofauti ni neno lenye kazi nyingi mno. Kamera mbili zilizofungwa pamoja ni kamera pacha. Na kule kuzifundisha kwa ubao wa miraba ni kuzilinganisha.

La mwisho ndilo kubwa. Wazee wa pwani walipouza nafaka hawakutaja kibaba tu. Walisema kibaba cha mfuto, yaani kilichofutwa sawasawa na ukingo, au kibaba cha tele, yaani kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu. Jina la kipimo lilifuatana na namna kilivyojazwa, na mnunuzi alijua anachopata. Gunia la lumbesa limeleta ugomvi, hata Wakala wa Vipimo wakalipiga vita, kwa sababu jina la gunia limebaki lile lile na kichwa chake kimeongezwa bila kutajwa. Namba ya kamera isomwayo "kilo 304" bila neno jingine yaweza kuwa lumbesa ya namna mpya, maana imevaa mavazi ya mizani. Yafaa basi tuseme na kuandika kilo za mizani na kilo za kadirio, kama walivyosema mfuto na tele, na kwa kilo za kadirio tutaje pia kosa lake. Mfugaji wa Lugoba aambiwaye "kilo za kadirio 304, zaidi au pungufu 30" atajua kulisha kwa uangalifu, na atajua kwamba siku ya kuuza mizani bado yahitajika.

Maneno haya nayatoa kwa wajuzi wayapime. Wavuvi wa Bagamoyo, walimu wa chuo cha uvuvi cha Mbegani, na wafugaji wa mwatiko katika maji ya chumvi huenda wana maneno yao yaliyokwisha kukomaa kazini kwa mambo niliyoyataja. Yakiwapo, hayo ndiyo yastahiliyo kutangulia.